Mchumba Wangu Anataka Niseme Ulikuwa Utani

Anti Mwanvita shikamoo. Mi sio mtu wa kuandika, shule niliishia la sita mama alipoanza kuumwa, kwa hiyo nikikosea maneno nivumilie, ila hili nikilimeza litanikaba, na wewe hunijui sura ndo maana naweza kukwambia. Mimi ni mkulima huku Mgeta, nalima kabichi na karoti na njegere kwenye shamba la ukoo wa mama, na si mwongeaji, tangu mdogo nilikuwa mtu wa kukaa pembeni naangalia watu, na ukikaa pembeni unaona mengi Anti, hata yale ambayo ungependa usiyaone. Majina yetu usiyafiche, mi sina cha kuficha.

Nina mchumba anaitwa Eufrazia. Tumekulia kijiji kimoja, kwao upande huu wa korongo kwetu upande ule, yeye akasoma mimi nikalima, sasa hivi anafundisha chuo kikuu hapo mjini Morogoro, na watu wanashangaa lakini yeye ndo alinianza, mi ningeanzia wapi. Posa ilipokelewa, mjomba wangu Eustace ndo alinisimamia, na kanisani tumeshaanza kutangazwa, linasomwa jina langu na jina lake mbele ya watu wote, wanaulizwa mwenye kujua kizuizi aseme, na hakuna aliyesema. Limebaki tangazo la tatu tu, Jumapili hii inayokuja.

Sasa sikiliza. Eufrazia ana darasa anafundisha pamoja na mwalimu wa Uholanzi, mama mmoja anaitwa Anneke, hawajawahi kukutana uso kwa uso, wanakutana kwenye kompyuta. Wanafunzi wa Morogoro wanakaa darasani kwao, wa Uholanzi wanakaa kwao, wanaonana ukutani, somo moja walimu wawili. Vijana wa huku waliposikia wakaanza maneno, Pazi rafiki yangu anayepakia lori la kabichi akanambia, "Seve, huyo kila wiki yuko na mzungu, utabaki umeshika jembe," nikamwambia mzungu mwenyewe mwanamke, umri wa mama yako, akasema, "Basi anamtafutia mtoto wake." Mi nilikuwa sijali hayo. Nilikuwa nafurahi kumwona anavyojiandaa, anamenya viazi huku anaongea Kiingereza peke yake kama mtu mwenye mashetani. Ila kuna kitu nilikuwa nakiona, kwamba akiongea na yule mama sauti inabadilika, anakubali kila kitu, yule mama akipanga siku, sawa, akisema somo liwe hivi, sawa, kompyuta ikizimwa ndo analalamika kwangu. Siku moja nikamuuliza, "Mbona humwambii mwenyewe?" Akanambia, "Seve, wao ndo walinialika." Nikanyamaza.

Basi wakapanga darasa moja lifanyike shambani, yaani wanafunzi wa pande zote waone mkulima wa milimani anavyoamua apande nini na wapi kwenye mteremko. Eufrazia akachagua shamba langu. Mi nikaona ni heshima, nikajua leo ndo natambulishwa kwa watu wa kazini kwake, nikavaa shati nililonunua kwa ajili ya siku ya kutambulishwa kwao, jeupe, nikapiga pasi. Akafika na kompyuta na kile kijiti cha kusimamishia simu, akaniangalia akasema, "Aa Seve, kavae nguo zako za shamba, ndo wanazotaka kuona." Nikaenda nikavua. Sikusema kitu. Nikavaa fulana yenye tundu.

Tukasimama pale juu ya matuta ambapo mtandao unashika. Kwa kuwa mi Kiingereza sijui, kule darasani Morogoro aliwekwa mwanafunzi mmoja anaitwa Baraka, akawa ananitafsiria kwa sauti. Mwanzo ulikwenda vizuri, nikaonyesha njegere, wakauliza maswali, nikajibu. Halafu yule mama Anneke akamuuliza Eufrazia, huyu mkulima mmempataje. Eufrazia akajibu, na Baraka akatafsiri bila kujua, "Mwalimu anasema wewe ni mmoja wa wakulima wanaofanya nao kazi, ulipatikana kupitia ofisi ya kijiji."

Anti, mi nilikaa naye kwenye jiko la mama yake juzi yake nikala mlenda. Ofisi ya kijiji gani?

Nikamwangalia, yeye akawa anaangalia kompyuta. Halafu yule mama akanigeukia mimi mwenyewe, Baraka akasema, "Anauliza, kabla ya darasa hili ulikuwa unamfahamu mwalimu Eufrazia?" Hapo ndo Eufrazia akaniangalia, macho yale ya kuomba, mi nayajua. Na mi mtu mwenye aibu, naweza kupita njia ndefu ili nisisalimiane na watu wengi, lakini siku ile sijui ilitoka wapi, nikasema, "Namfahamu. Ni mchumba wangu. Tunatangazwa kanisani, Jumapili ilikuwa tangazo la pili."

Darasa la Morogoro likalipuka. Wasichana wakapiga vigelegele, mmoja akapiga kelele, "Mwalimu kumbe!" Mwingine, "Shemeji oyee!" Wale wa Uholanzi wametoa macho tu, hawajui kumetokea nini. Baraka akauliza taratibu, "Mwalimu, nitafsiri?" Eufrazia akaanza kurekebisha kile kijiti. Akauliza tena, "Nitafsiri?" Nikamwambia mi mwenyewe, "Tafsiri."

Akatafsiri. Yule mama akavua miwani. Wanafunzi wake hakucheka hata mmoja, kuna binti mmoja alianza kupiga makofi akamwona mwalimu wake akaacha. Yule mama akasema maneno machache, taratibu kabisa, darasa likafungwa.

Eufrazia akafunga kompyuta kama mtu anayefunga mlango.

"Unajua umefanya nini?"

"Nimejibu swali."

"Seve, kwa utaratibu wetu mwalimu haruhusiwi kumleta ndugu yake darasani kama mfano halafu asiseme. Wakijua ni mchumba wangu wanasema nimepika kila kitu."

"Si ungewaambia mapema?"

"Wangekataa tusije hapa. Na mi ningewapeleka wapi? Nani angekubali watu wasiojulikana wamulike shamba lake? Ningeenda kugonga kwa nani, kwa mtu nisiyemjua, niseme naomba shamba?"

Hapo Anti mi nikamwelewa, kwa kweli nikamwelewa, maana huku kwetu ukipata mgeni unampeleka kwenu, humpeleki kwa watu baki, mtu akileta mgeni kwa mtu asiyemjua watu wanamuuliza kwani huna kwenu. Nikataka kulainika. Nikamuuliza, "Na shati?"

Akakunja kijiti chake. Mpaka leo hajajibu.

Sasa shida yenyewe ndo hii. Yule mama wa Uholanzi ameitisha kikao Ijumaa kwenye kompyuta, yeye na Eufrazia na mkubwa wa Eufrazia hapo chuoni, na wanataka na mimi niwepo nieleze. Eufrazia anasema akionekana amedanganya lile darasa linafutwa, na mkataba wake unaisha mwaka huu, hatapewa mwingine. Kwa hiyo amekuja na wazo. Ukoo wao na ukoo wetu ni watani, ni kweli, kuna bibi wa ukoo wao ananiita mume wangu tangu natembea uchi, akinikuta njiani ananidai nyama. Basi Eufrazia anataka niseme siku ile nilikuwa natania. Yeye atawaeleza wazungu kwamba sisi Waluguru tuna utani, mtu anaweza kusema mbele za watu huyu ni mke wangu na isiwe na maana yoyote, ndo mila, na wale wanafunzi walipiga vigelegele kwa sababu wanaijua mila. Anasema, "Watafurahi, watataka hadi kuandika juu yake." Na kweli watafurahi, hilo ndo linaniuma.

Nikamwambia siwezi. Kanisani niko kweli, kwenye kompyuta niko utani, sasa mi ni yupi? Akalia. Mjomba Eustace akaitwa, akanikalisha chini, "Mjomba, sema tu hicho kineno, unapungukiwa nini? Wale hutawaona maisha yako yote. Mwanamke anakuomba umwokoe na kazi, wewe unaleta ushujaa wa jogoo." Nikamwambia mjomba, we ndo ulinisimamia kwenye posa, ulikuwa unatania? Akakasirika akaondoka, hakumaliza hata chai. Pazi naye anasema niende kwa katekista nizuie tangazo, "Mwanamke anakukana wewe mzima, siku ukiwa mgonjwa je?"

Mi nampenda Eufrazia Anti. Nampenda na sitasema kwamba natania. Hayo mawili yote ni ya kweli na sijui yanakaaje kwenye nyumba moja. Nimezima simu, nipo shambani. Nisiende hiyo Ijumaa? Au nizuie tangazo la Jumapili? Barua hii inashuka leo hii na lori la kabichi, nijibu kwenye gazeti la Jumatano, nitashuka kulitafuta.

Mimi Severin, Mgeta.

ANTI MWANVITA ANAJIBU

Marahaba Severin. Naanza na majina. Umeniambia nisiyafiche, mimi nimeyabadilisha yote, na shambani nimekulimisha kitu kingine kabisa. Unajua kwa nini? Jina lako ni lako, ukitaka lipake ukutani. Jina la huyo binti si lako kulitoa. Na hapo ndipo kosa lako lilipo, ngoja nikuonyeshe kabla hujavimba kichwa kwa yale mazuri nitakayokuambia baadaye.

Ulipoambiwa uvue shati, ulisema nini? Hukusema kitu. Ulimwona mwezi baada ya mwezi anavyomwitikia yule mama "sawa, sawa" huku roho haitaki, ukauliza mara moja, ukanyamaza. Wewe ni fundi wa kuona, mwanangu, lakini unachokiona unakiweka akiba, unakijaza kifuani kama gunia, halafu unakuja kulifungua mbele ya madarasa mawili na kamera. Ungesema palepale kwenye shati, "Eufrazia, mimi sivui, niambie leo natambulishwa kama nani," mngegombana wawili mkiwa peke yenu juu ya matuta, na mtandao ungesubiri. Ukimya wako wa kwenye shati ndio uliozaa kelele ya ukutani. Hilo lako, libebe.

Na kuzima simu ni nini? Unasema huna cha kuficha halafu unajificha kwenye njegere. Mtu unayetaka kumwoa anakutafuta, analia, na wewe unaandikia gazeti. Aibu.

Basi. Nimeshakuchapa, sasa simama wima nikuambie la pili.

Usiseme ulikuwa unatania. Usiseme Ijumaa, usiseme kwa mjomba, usiseme hata kwa kuzungusha maneno. Nakuambia hivi mimi ambaye nina watani wangu Wazaramo na nimetaniwa mpaka msibani, nikiwa na machozi mtani amejilaza mlangoni anadai apewe kitu ndipo maiti itoke. Najua utani ulivyo. Tumeachiwa ili tuweze kuambiana ukweli bila kuumizana. Anayeuchukua akaufunikia uongo mbele ya wageni ambao hawana namna ya kujua, huyo anauza kitu cha watu. Na wale wageni watauandika, watafundisha wanafunzi wao, miaka kumi ijayo kijana wa kule atakuja huku kutafuta utani wa aina hiyo na hataukuta. Kwa hiyo kataa. Mjomba akikuuliza unapungukiwa nini, mjibu: napungukiwa mimi.

Sasa nimgeukie binti, maana najua gazeti hili litamfikia, watu hawakosi kupelekeana.

Eufrazia mwanangu, pole. Pole kweli. Ulikuwa umebanwa katikati. Huku kwenu mgeni anapelekwa kwa mtu wako, maana kumpeleka kwa mtu baki ni kumdharau mgeni na kumwonea huyo mtu baki. Kule kwao mfano wa darasani ukitoka kwa mtu wako unaonekana umechakachua. Hizo ni akili mbili, na kila moja ina maana yake. Lakini si mlisema mnafundisha pamoja? Hilo ndilo lilikuwa somo lenyewe! Ungemwambia yule mwenzako, "Mwalimu, kwetu siwezi kuingia shamba la mtu nisiyemfahamu, nitawapeleka kwa mchumba wangu, nataka mjue hivyo, na tuzungumze hiyo inabadilisha nini," angekuwa na la kusema, nawe ungekuwa na la kujibu, na wanafunzi wenu wangetoka na kitu. Wewe ukachagua kuitikia. Mwenzako hajui kwamba "sawa" yako ina mengine tumboni. Kila wiki unampa sawa, yeye anaichukua kama ilivyo, halafu unanung'unikia viazi. Kualikwa si kununuliwa. Darasa la walimu wawili ambalo mmoja anaitikia tu, lina mwalimu mmoja na mhudumu mmoja, na wewe hukusoma miaka yote hiyo uwe mhudumu.

Na utaratibu wao unaweza kueleza ofisi ya kijiji. Hauelezi shati. Hakuna chuo duniani kilichoandika kwamba mkulima wa Mgeta asionekane amepiga pasi. Hilo lilitoka kwako, ulitaka awe mkulima wa kwenye picha, na hilo utamjibu mwenzio, si mimi.

Severin, rudi hapa. Usimwambie aache hilo darasa, na mtu yeyote akikushauri umwachishe kazi mfukuze. Ugomvi wako si na kompyuta wala na yule mama wa Uholanzi, ambaye mpaka sasa ndiye mtu pekee aliyekuuliza swali la maana.

Fanya hivi. Ukishasoma hii, mpigie. Usibishane kwenye simu, mwambie unashuka mjini. Alhamisi kaeni mahali palipo na watu lakini hapana ndugu, na umwambie maneno mawili tu: samahani kwa kusema mbele ya wanafunzi wako kabla sijasema na wewe, na kutania sitanii. Usiongeze la tatu. Ukiongeza utaharibu.

Ijumaa uende. Vaa unavyotaka wewe. Kaa ubavuni kwake, si nyuma yake. Yeye ndiye aanze kusema, kwa mdomo wake, kwamba huyu ni mchumba wangu, niliwaficha, na sababu yangu ni hii. Wewe usimsaidie. Ukiulizwa, jibu kama ulivyojibu siku ile, lakini safari hii kwa utaratibu, huna haja ya kumwamrisha mtafsiri.

Halafu kuna jambo ambalo wewe na rafiki yako wa lori hamjalifikiria. Akisema ukweli, huenda akakosa hilo darasa. Huenda mkataba usitoke. Ukweli umeudai wewe, lakini atakayeulipia ni yeye. Je, uko tayari kuoa mwalimu asiye na kazi, na usimwambie hata siku moja "nilikuambia"? Kama hauko tayari, basi hukuwa unatetea uchumba, ulikuwa unatetea kiburi chako. Jipime leo, kabla hujapanda gari.

Tangazo la Jumapili usiliguse. Likisubiri Ijumaa halitaoza. Akisema ukweli, lisomwe, hata kama kazi imekwenda, na siku hiyo ukae benchi la mbele badala ya kule pembeni unakokaa siku zote.

Akiwaambia ulikuwa utani na wewe umekaa hapo ubavuni, usipige kelele, usimwaibishe tena mbele za watu, umeshafanya hivyo mara moja na inatosha. Inuka, muage yule mama kwa heshima, toka nje. Jumamosi nenda kwa katekista kwa miguu yako, usimtume mjomba, umwambie jina lako lisisomwe. Akikuuliza kizuizi ni nini, usiseme Eufrazia amekukataa. Mwambie wewe ndiye uliyekataa kuoa mtu anayekuficha, na useme kwa sauti, hata kama kuna wanakwaya wanasikia.